UZI: Tangi la samaki kupoa usiku huku pwani, soma kabla hujakimbilia hita

Kisimani_Mld (mwanzisha uzi)

Wadau habari za jioni. Kila ukiingia msimu wa kusi swali ni lile lile, jioni maji yalikuwa digrii 27 nimeamka alfajiri nakuta 23, samaki wamejibanza pembeni hawali, ninunue hita ya wati ngapi. Na majibu nayo kila mara ni wati wati wati. Mimi nafuga hapa Malindi na nataka hili jambo tuliongee taratibu, manake watu wanatoa pesa mpaka Mombasa kuagiza hita na tatizo lenyewe liko hapo juu kwenye dari linazunguka.

Feni. Feni na dirisha la upande wa kusi.

Ushauri mwingi wa matangi tunaousoma umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, kule usiku wa baridi chumba kinaweza kufika digrii 15 na samaki anataka 26, huyo bila hita kweli hana samaki. Sisi huku hata Julai na Agosti, ndio baridi yetu hiyo, hewa ya usiku Malindi inacheza kwenye 22, 23, ni nadra sana kushuka chini ya 20, na ndani ya nyumba huwa juu ya hapo. Sasa kama chumba kiko 24 na tangi limefunikwa vizuri, maji yatashuka polepole kuelekea hiyo 24 na mara nyingi kabla hayajafika jua limeshatoka. Kwa hivyo ukipima ukakuta maji yako chini kuliko hewa ya chumba, hapo usilaumu baridi, huo ni mvuke unakuibia.

Ni ufundi ule ule wa mtungi. Maji yanatoka kidogo kidogo kwenye udongo, yanakauka nje, na kule kukauka kunabeba joto la yaliyobaki ndani ndio unakunywa maji baridi saa nane mchana. Tangi lililo wazi chini ya feni linafanya hivyo hivyo usiku kucha, tofauti ni kwamba ndani mna samaki.

Na sio kitu kidogo. Kupasha lita moja ya maji digrii moja kunataka kilojuli 4.2 hivi. Lita moja hiyo hiyo ikikauka yote inaondoka na kilojuli karibu 2,400. Chukua tangi la lita 100, likipoteza nusu lita tu kwa mvuke, joto lililoondoka linatosha kushusha maji yote yaliyobaki digrii karibu 3. Ni kweli baadhi ya joto hilo linarudi kutoka kwa hewa ya chumba kwa hivyo hutaona zote 3 kwenye thamomita, lakini umeona ukubwa wa jambo. Na nusu lita huioni kwa macho, tangi la urefu wa sentimita 80 na upana wa 35, maji yakishuka milimita 2 pekee ishapita nusu lita.

Usiniamini mimi, pima. Usiku kabla ya kulala chora mstari mwembamba kwenye kioo kwa maka peni sawasawa na uso wa maji, andika digrii za maji na digrii za chumba. Amka na adhana ya alfajiri, kabla jua halijatoka ndio maji yako chini kabisa, andika tena, angalia na mstari. Siku ya pili funika tangi halafu feni ielekeze kwingine, rudia. Ukishaona tofauti kwa macho yako hutauliza tena mambo ya wati.

Kifuniko chenyewe nenda kwa fundi wa vioo akukatie kioo cha milimita 4, mwambie akusagie kingo zisikukate, na pembe moja ya nyuma aikate ipite mipira ya hewa na waya. Usizibe kabisa kabisa, uwazi mdogo nyuma unatosha hewa kubadilishana. Matone yanayojikusanya chini ya kioo ni maji ambayo yangekuwa yamepotea, yanarudi ndani. Kioo kikishakuwa cheupe kwa chokaa kisugue na siki kisha kisuuze sana, mimea inataka mwanga.

Jambo jingine kabla hamjaanza. Msikimbizane na namba moja. Maji kushuka digrii moja, moja na nusu usiku ni kawaida, hata mtoni yanashuka. Samaki anayeumia ni yule anayepandishwa na kuteremshwa digrii 3, 4 kila siku, kinga yake inachoka na ndio unaona madoa meupe kama chumvi mwilini wiki chache baadaye halafu mtu anaenda kutafuta dawa.

---

Binti_Mkomani

Asalaam aleikum nyote. Kaka nimesoma yote. Mimi niko Amu (Lamu), nyumba ya kale ya mawe, tangi liko chumba cha chini na sina hita wala sijawahi kuitaka, jioni 26 asubuhi 26 kasoro kidogo, kusi na kaskazi. Nilikuwa nawashangaa wenzangu wa Malindi. Kumbe ni ukuta, mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wenyewe mnene, mchana unanywa joto taratibu na usiku unalitoa taratibu, na chumba cha chini hakipati jua moja kwa moja.

Na mkumbuke wazee wetu walikuwa wakifuga samaki ndani ya birika la chooni, vijisamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakajengea bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Birika limejengewa ndani ya nyumba, maji mengi, kivuli, ukuta mnene. Mambo yote anayoyasema kaka hapo juu yalikuwamo.

Swali langu, nataka kuhamisha tangi nilipandishe juu, kule chini ya makuti, wageni wakija waone, kuna upepo mzuri wa bahari. Nahitaji hita?

Kisimani_Mld

Waaleikum salaam dada. Nakuomba usilihamishe. Umepewa chumba ambacho watu wanakitafuta kwa pesa. Kule juu huo upepo mzuri ndio adui mwenyewe, unavuma juu ya maji mchana na usiku, na chumvi ya bahari itakula hadi taa yako. Hita utaweza kuweka ndio, lakini itakuwa inawaka usiku kucha kupigana na upepo, tokeni za stima zinaisha na maji bado unayaongeza kila siku. Wageni washuke chini waone samaki.

Na hiyo ya birika ahsante sana, hapo umesema kitu. Wingi wa maji ni ulinzi. Wenye vibakuli vya lita 3 vya samaki aina ya beta mezani ndio wanaumia kuliko wote, maji machache hayana pa kuficha joto, chumba kikishuka na yenyewe yameshuka ndani ya saa chache. Beta apewe lita 20 kwenda juu na kifuniko, huyo pia anapenda hewa ya juu ya maji iwe na uvuguvugu manake anapumua hewa ya juu.

---

Kijana_wa_Barani

Bro mimi nyumba ni ya mabati haina dari. Februari hii maji yalikuwa yanafika 32 saa tisa mchana, alfajiri 27. Hiyo 27 si ni nzuri? kwa hivyo usiku mi sina shida ama?

Kisimani_Mld

Shida unayo ila iko mchana ndio maana usiku huioni. 27 ni nzuri, 32 samaki wengi wanaivumilia kwa muda, lakini safari ya digrii 5 kwenda na 5 kurudi kila siku ndio mbaya. Mabati mchana yanapika na usiku anga ikiwa haina mawingu yanapoa haraka kuliko hata hewa yenyewe, hakuna kitu katikati cha kuzuia. Mwenye makuti hana hayo.

Kwa hivyo wewe punguza kilele cha mchana, usiku utajipanga wenyewe. Ukiweza weka dari, hata ya plywood au ya mikeka, juu ya ile sehemu ya tangi tu. Toa tangi kwenye ukuta wa magharibi, ule unaopigwa na jua la alasiri, usiku ukuta huo bado una moto. Taa ya tangi iwashe asubuhi na jioni uizime saa za adhuhuri. Na sasa ile feni niliyoikataza usiku, mchana wa kaskazi ndio dawa yako, fungua kifuniko, feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji kuanzia saa tano hadi saa kumi, mvuke ule ule unakushushia digrii 2, 3, kisha magharibi zima, funika. Ongeza maji yaliyopungua. Barafu usitupe ndani jamani, mtu anaweka chupa ya barafu maji yanashuka ghafla upande mmoja, samaki anashtuka zaidi kuliko lile joto.

---

Mama_Gapi

Wangu alfajiri nawakuta wote juu wanahema midomo iko kwenye uso wa maji, nikiwasha taa na pampu baada ya saa moja wanarudi chini wanacheza. Nazima pampu usiku kwa sababu ya kelele na tokeni. Thamomita inasema 27. Ni baridi ama?

Kisimani_Mld

Mama shikamoo. Sio baridi, 27 ni raha yao. Hao wanakosa hewa. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, kwenye digrii 25 lita moja inabeba miligramu 8.3 hivi, ikifika 30 ni 7.6. Halafu usiku mimea haitoi oksijeni, nayo inavuta pamoja na samaki na bakteria wa kwenye filta. Kwa hivyo kiwango kinashuka usiku kucha na chini kabisa ni alfajiri, saa hiyo hiyo unayowakuta juu. Taa ikiwaka mimea inaanza kazi na pampu inatikisa maji, ndio wanashuka.

Pampu ndogo ya hewa inakula wati 3, 4, usiku mzima haifiki hata sehemu ya kumi ya uniti. Isizimwe usiku, usiku ndio zamu yake. Kelele zikikusumbua itundike kwa kamba isiguse meza, au ilalie kipande cha sponji, iwe juu kuliko uso wa maji ili stima ikipotea maji yasirudi ndani ya pampu kupitia mpira.

Hili naliomba kwa wote, ukimuona samaki anahema usiseme baridi kabla hujapima. Mtu anaongeza hita, maji yanapanda, oksijeni inashuka zaidi, na samaki anakufa tangi likiwa na joto zuri.

Mama_Gapi

Marahaba mwanangu. Leo naiacha iwake.

---

Fundi_Stima_Mtangani

Mimi ni fundi wa umeme, mwanzisha uzi kaeleza vizuri ila wako wenye haki ya hita. Mwenye samaki aina ya diskasi anataka 28 hadi 30 bila mchezo, mwenye mayai na vitoto, mwenye samaki mgonjwa anayepandishiwa joto kwa matibabu. Kwa hao nasema hivi.

Hita za ile kanuni ya wati moja kwa lita moja ni za nchi za baridi. Huku unapandisha digrii 2 au 3 tu juu ya chumba, nusu yake inatosha kwa tangi lililofunikwa. Wati 50 kwenye lita 100 inapandisha digrii moja kwa saa mbili na kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, polepole. Kitu kinachoharibika kwenye hita ni themostati, ile swichi ya ndani inagandana ikiwa imewaka. Mtu kaweka wati 300 kwenye lita 100, ikigandana inapanda digrii moja kila dakika 20 na kitu, usiku mmoja mmemaliza. Wati 50 ikigandana utaamka ukute maji ya moto, ila una nafasi ya kuokoa. Na kama tangi ni kubwa weka mbili ndogo kila moja upande wake badala ya moja kubwa, moja ikifa nyingine ipo, moja ikigandana haina nguvu ya kuua.

Namba zilizoandikwa kwenye kile kifundo cha juu msiziamini, geuza hadi thamomita ya mbali na hita ikwambie unachotaka, subiri siku nzima ndio urekebishe. Hita ikae karibu na maji yanayotembea, kwenye mdomo wa filta, joto lisambae. Kabla ya kupunguza maji chomoa, subiri dakika 15, kwa sababu kioo cha hita kikikaa nje ya maji kikiwa moto kinapasuka ukirudisha maji, na hapo umeme umeingia ndani ya tangi. Waya zote zishuke chini ya soketi kisha zipande, tone likiteremka na waya lidondokee chini lisiingie soketi. Na usitie mkono kwenye maji kabla ya kuchomoa vyote. Hilo sitalirudia, nimeona nyumba ambazo hazina hata waya wa ardhini.

Kisimani_Mld

Fundi shukran sana. Hiyo ya hita mbili watu waisome mara mbili.

---

Shela_Dunes

Na stima ikipotea usiku kucha? Huku kwetu ikienda inaweza kurudi kesho.

Kisimani_Mld

Kwa sisi wa pwani stima ikipotea fikiria hewa kwanza, joto baadaye. Tangi la lita 100 lenye kifuniko ndani ya chumba cha 24 litashuka polepole sana, hata hivyo feni nayo imezimika kwa hivyo mwizi kalala. Zungushia blanketi pande tatu ukitaka, au yale maboksi meupe ya foam wanayosafirishia samaki, kata vipande ubandike nyuma na ubavuni, hivyo vinaweza kukaa hapo daima havidhuru kitu. Lakini filta ikisimama saa nyingi bakteria wanakosa oksijeni na samaki vilevile. Pampu ya hewa ya betri au ile inayochomekwa kwenye pawa benki ya simu ndio iwe ndani ya nyumba kabla ya hita. Kama huna kitu, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu mara kwa mara yapige uso. Usiwape chakula siku hiyo.

Maji ya moto usimwage ndani ya tangi kwa hali yoyote ile.

---

Kijana_wa_Barani

Swali la mwisho, kubadilisha maji je? Mi nafungua tu mfereji wa tangi la juu ya nyumba.

Kisimani_Mld

Hapo ndugu yangu ndio unaweza kuharibu kazi yote kwa dakika kumi. Lile tangi jeusi la juu alasiri lina maji ya digrii 38 hata zaidi. Una lita 100 ziko 27, umetoa 30 umerudisha 30 za 38, piga hesabu, umeruka hadi 30.3 kwa mara moja. Ukifanya alfajiri maji ya juu yakiwa 22 unashuka hadi 25.5. Usiku mzima haujakufanyia hivyo.

Jaza ndoo usiku uziache chumba kile kile cha tangi bila kuzifunika kabisa, asubuhi yake zina joto la chumba na klorini ya maji ya mfereji imepungua sana. Ukiwa na haraka, changanya ya juu na ya kisima kwenye ndoo huku unapima, tofauti na tangi isizidi digrii moja, mimina kwa kikombe. Maji ya kisima yenyewe joto lake halibadiliki sana mwaka mzima ila huku kwetu kwenye mwamba wa matumbawe ni magumu, chokaa nyingi, moli na gapi wanayapenda, neoni hayamfai.

---

Mgeni_wa_Matangi

Kaka mimi sina tangi bado, ndio nataka kuanza, niko Malindi pia. Nichukue samaki gani nisisumbuke na haya?

Kisimani_Mld

Karibu, umeuliza wakati mzuri. Chagua samaki anayeishi raha kati ya 24 na 29, hapo maji ya pwani yenyewe yanakufanyia kazi. Gapi, moli, beta, enjeli ukiwa na tangi refu. Neoni ni mzuri sana wa kuangalia lakini anataka 20 hadi 26, huyo hatateswa na kusi atateswa na kaskazi. Goldifishi muache kabisa, yeye ni wa maji ya baridi, ndio yule unayemuona anahema mchana kutwa ndani ya bakuli. Na usichanganye diskasi na samaki anayetaka ubaridi kama goldifishi kisha ukatafuta digrii ya katikati, wote wawili watakonda.

Kuna pia wale wadogo wa rangi kali wa vidimbwi vya mvua vya pwani yetu, Nothobranchius, mayai yao yanakaa kwenye tope kavu mpaka mvua irudi. Vidimbwi vyao ni vya kina kifupi, mchana moto usiku vinapoa, kwa hivyo ni wagumu kwa joto kuliko wageni wote hao, ila maisha yao ni ya miezi tu kwa hivyo sio wa kuanzia.

Ukishapata tangi weka maji na filta bila samaki, litahitaji wiki kadhaa kukomaa hata hivyo. Wiki hizo pima alfajiri na saa tisa mchana, feni ikiwa pale unapolala nayo siku zote na dirisha kama unavyoliacha siku zote. Lete namba hapa pamoja na picha ya chumba, tuone paa lako ni la nini na tangi umeliweka ukuta gani.